Mipira ya paa la Targa: kopo la gundi lisubiri kwanza

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina Porsche 911 Targa ya mwaka 1974. Mipira ya paa imekauka na kupasuka. Mvua ikinyesha, maji humdondokea abiria gotini, na mwendo ukiongezeka kidogo upepo unapiga filimbi sikioni kwangu. Nimenunua seti nzima ya mipira mipya pamoja na kopo la gundi. Naomba unieleze nianzie wapi. Na je, pale ambapo mpira hautakaa vizuri naweza kuongezea silikoni ya bomba? Jirani amenitisha kwamba nikishaweka mipira mipya paa litagoma kufungika. Ni kweli?"

Jibu: Ndugu yangu, jirani hakukutania. Paa likivikwa mipira mipya hugoma, na wiki za kwanza utaliegemea kwa bega mpaka ujute. Ila kugoma kuko kwa aina mbili. Kuna kugoma kwa raba ambayo bado haijazoea umbo la gari, na huko huisha kwenyewe. Kuna pia kugoma kwa paa au kioo kilichokaa upande, na huko hakuishi hata ukingoja mwaka mzima. Magari mengi niliyoletewa kwa malalamiko ya "mipira feki" yalikuwa na ugonjwa huu wa pili. Kazi ya mpira ni kuziba pengo lililo sawa. Haunyooshi chuma, hauinui kioo kilichoshuka, wala hausukumi paa lililopinda lirudi mahali pake. Kwa hiyo lile kopo la gundi lipandishe rafuni, mbali na mkono wako, kwa siku mbili tatu za mwanzo.

Tulitazame paa lenyewe kabla ya kuligusa. Porsche waliionyesha Targa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1965, wakaipa jina kutokana na Targa Florio, mbio za magari za kisiwani Sicilia ambazo walikuwa wameshazishinda mara kadhaa. Wazo lilikuwa gari la wazi lenye tao imara la chuma nyuma ya vichwa vya waliokaa, na paa dogo la katikati linalotolewa kwa mkono. Kwetu sisi mafundi hiyo maana yake ni kwamba paa lina majirani wanne: fremu ya kioo cha mbele, tao la nyuma, na vioo viwili vya milango. Wawili wa kwanza hawaendi popote. Wawili wa mwisho hupanda na kushuka, na hufunguka pamoja na mlango, tena juu yao hakuna fremu ya chuma. Kioo kitupu ndicho kinachoegemea mpira. Ongeza kwamba paa lenyewe ni la kukunjwa, lina viungo ndani na ngozi ya plastiki juu, na ngozi hiyo ikizeeka husinyaa na kuvuta kona juu. Hesabu vitu vinavyoweza kuhama hapo, utaona kwa nini mpira hubebeshwa lawama zisizo zake.

Kupasuka kwa mipira ya zamani si ajabu. Raba ya asili ina viungo vya kikemia ambavyo ozoni ya hewani huvishambulia, hasa pale raba inapovutwa, na ndiyo maana nyufa hukaa kwa kukata mkanda, si kwa kufuata urefu wake. Mipira mingi ya sasa hutengenezwa kwa EPDM, raba ya viwandani iliyoanza kuuzwa miaka ya 1960, ambayo ozoni na jua haviiwezi kwa urahisi. Udhaifu wake ni mafuta ya petroli na jamaa zake. Ukiipaka mafuta ya mgando, grisi ya kawaida au dizeli, hunywa, huvimba, halafu hulegea. Kumbuka hilo siku ya kulainisha.

Sasa kazi.

Piga picha kwanza. Piga nyingi, hasa kona nne, ili uone mpira upi umepita juu ya upi. Maji yanayotiririka kutoka juu yanapaswa kukuta kila tabaka limelala juu ya lile la chini, kama mabati ya nyumba. Ukigeuza mpangilio kwenye kona moja tu, umejenga mfereji unaoingiza maji ndani. Kisha toa mipira ya zamani polepole na uihifadhi, hata iwe imekatika vipande. Ni ramani yako. Mpaka mipya ikae na ipimwe kwa maji, ya zamani isitupwe.

Namna ya kuitoa inategemea mwaka wa gari na mikono iliyopita hapo kabla yako. Mingine imesukumwa ndani ya mfereji wa alumini, mingine imebandikwa, mingine imebanwa na kipande chembamba chenye skrubu. Skrubu za miaka hamsini zilizokaa kati ya alumini na chuma huwa zimeshikana kwa kutu. Usizilazimishe. Zitilie mafuta ya kulegezea kutu jioni, uzirudie asubuhi kwa bisibisi inayokaa kichwani sawasawa. Ikikatika moja, toboa katikati yake kwa kekee ndogo na uongeze ukubwa taratibu. Mafuta hayo yafutwe yote kabla ya raba kufika hapo.

Gundi ya zamani ndiyo itakayokula muda wako. Ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, ikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu, mabaki uyafute kwa kiondoa gundi kisichodhuru rangi. Usiguse thina kabla ya kuijaribu mahali pasipoonekana, maana hujui gari limepakwa rangi ya aina gani tangu litoke kiwandani. Bisibisi bapa na patasi hazina kazi hapa. Kila mkwaruzo unaofika kwenye chuma utafunikwa na mpira, utatunza unyevu, na utaota kutu bila wewe kuuona.

Na tukiwa kwenye kutu: Porsche walianza kutumia chuma kilichopakwa zinki pande zote mbili kwa bodi ya 911 kuanzia modeli ya mwaka 1976. Gari lako limetangulia. Kwa hiyo kagua kwa tochi ukingo wa juu wa fremu ya kioo cha mbele na miguu yake, yaani pale nguzo zinapokutana na bodi. Bonyeza kwa kidole. Rangi iliyovimba kama lengelenge ina kutu chini yake, na gundi haishiki kutu. Hushika unga wake kwa wiki mbili kisha hung'oka nao. Kwangua mpaka kwenye chuma safi, paka rangi ya msingi, kisha rangi ya juu, na uache ikauke kabisa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake. Rangi ambayo bado laini ndani huvimba ikikutana na gundi.

Sasa tunafika kwenye hatua ambayo watu huiruka, na mimi naiona ndiyo kazi yenyewe. Gari likiwa halina mpira hata mmoja, rudisha paa mahali pake, funga makomeo, pandisha vioo, funga milango. Zunguka ukitazama mapengo. Je, paa limekaa katikati, au limeegemea upande mmoja? Kimo chake mbele kinalingana na fremu? Kioo cha kushoto na cha kulia vimesimama sawa?

Jicho pekee halitoshi. Chukua ule udongo laini wa rangi wanaochezea watoto, ufinyange vidonge kama kumi na viwili vikubwa kuliko pengo lenyewe, uvifunge kwa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula visigande kwenye rangi. Vipange mbele, nyuma na pembeni, funga paa, subiri kidogo, fungua. Kila kidonge sasa kimekuwa kipimo cha pengo la mahali pake. Vipime kwa rula au kalipa na uandike namba kwenye karatasi uliyochora umbo la paa.

Tuchukue mfano. Tuseme mpira wako mpya wa mbele ni wa sponji wenye kimo cha milimita 12. Mpira wa namna hiyo hufanya kazi vizuri ukibanwa robo hadi theluthi ya kimo chake, yaani pengo liwe kati ya milimita 8 na 9. Ukikuta milimita 9 katikati, 8 kulia na 14 kushoto, umeshapata jibu la filimbi kabla hujabandika chochote: kushoto mpira hautagusa kabisa. Ukikuta 6, utabanwa nusu, paa litapigana nawe kila siku, na baada ya miezi michache raba itakuwa imelala kama godoro la zamani. Raba iliyobanwa kupita kiasi husahau umbo lake, na haikumbuki tena.

Kurekebisha ni kazi ya subira kuliko nguvu. Makomeo na vikamatio vya paa huwa na nafasi ya kusogezwa, kwa skrubu au kwa kuongeza na kupunguza washa nyembamba chini yake. Sogeza kidogo, pima tena. Vioo vya milango hurekebishwa kwa ndani: unatoa kava la mlango, unalegeza bolti za mtambo wa kioo, ambazo zimekaa kwenye matundu marefu kwa makusudi hayo. Hapo unacheza na mambo mawili tofauti, kimo na mlalo. Kimo ni kioo kinapanda hadi wapi. Mlalo ni sehemu ya juu ya kioo inaegemea ndani kiasi gani. Ukingo wa juu wa kioo uelekee ndani kidogo, ili mlango ukifungwa kioo kiukandamize mpira, kisiufyatue. Weka alama ya penseli kuzunguka kila bolti kabla ya kuilegeza, ili ukipotea uwe na pa kurudi. Na kama viungo vya paa vimelegea au ngozi yake imesinyaa mpaka kona zinainuka, hakuna mpira utakaokuokoa. Paa lipelekwe kwanza likarekebishwe.

Ikifika hapo, fungua boksi la mipira. Itandaze sakafuni iliyonyooka, kwa siku nzima ukiweza. Hutoka kiwandani imekunjwa na kila mkunjo ni pengo la baadaye. Maji ya moto ya bombani hunyoosha ile migumu. Itenganishe: mbele, nyuma, pembeni kushoto, pembeni kulia, na vile vipande vya nguzoni. Vya kushoto na kulia ni kama viatu, vinafanana kwa mbali lakini mguu unajua. Linganisha kila mmoja na mzee wake kwa urefu, umbo la mkato na mahali pa matundu. Mkato ukiwa tofauti kabisa, irudishe sasa, kwa kuwa dukani hawapokei mpira wenye gundi.

Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, kisha ufute upande wa kubandika kwa alkoholi ya isopropili. Raba mpya mara nyingi ina utelezi wa mafuta yaliyopakwa kwenye kalibu kiwandani ili itoke bila kung'ang'ania. Utelezi huo hauonekani, na gundi haiupendi hata kidogo. Ukishafuta, usishike tena upande huo kwa vidole vitupu. Mimi hupitisha pia msasa laini mara moja tu, kuondoa mng'ao.

Panga mipira yote bila gundi. Ishikilie kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Anza na kona, maana kona zimefinyangwa kwa umbo lake na haziwezi kujadiliana. Sehemu zilizonyooka ndizo zinazosameheka. Kisha jaza katikati kwa kuusukuma mpira kuelekea kona, usiuvute.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu nililipia somo hili. Gari la kwanza la aina hii nililofanya peke yangu, mpira wa mbele ulionekana mfupi kwa upana wa ukucha. Nikauvuta kidogo, ukafika, nikabandika, ukapendeza. Mwenye gari akaondoka anacheka. Baada ya miezi miwili akarudi bila kicheko: pande zote mbili mpira ulikuwa umerudi kwenye urefu wake, na kwenye kila kona kulikuwa na mwanya unaopitisha kidole kidogo. Raba hujua urefu wake. Ukiuvuta, utadai chake, na gundi nzuri huuchelewesha tu. Tangu siku hiyo, mkanda wowote ninaoukata mwenyewe naukata mrefu kwa milimita 3 hadi 5, kisha naula ule urefu wa ziada kwa kuusukuma kidogo kidogo njia nzima. Mpira uliosukumwa hukaza kona zake wenyewe. Ukate kwa wembe mpya uliolowekwa maji ya sabuni, kwa pigo moja. Wembe mkavu hukwama na kuacha mkato wa ngazi. Ncha mbili zikihitaji kuungana, tone moja la gundi ya papo hapo linatosha. Ukijaza matone matatu, utapata fundo gumu kama jiwe katikati ya raba laini, na jiwe halibanwi.

Bado hakuna gundi kwenye mkanda wenyewe. Funga paa juu ya mipira iliyoshikiliwa na tepu. Litakuwa gumu, ndiyo. Ila ugumu uwe sawa kushoto na kulia. Kata vipande vya karatasi nyembamba, ubane kimoja kati ya mpira na paa au kioo, funga, kisha ukivute. Kikitoka kwa kukwaruza, pamekaa. Kikiteleza bila kizuizi, pana mwanya. Kikichanika, pamebanwa mno. Fanya hivyo kila baada ya sentimita kumi, kuzunguka. Ni kazi ya kuchosha na mgongo utalalamika, lakini hapa kosa husahihishwa kwa kutoa tepu. Kesho litasahihishwa kwa kukwangua gundi.

Baada ya karatasi kukubali kila mahali, shusha kopo. Gundi inayofaa ni ile ya mguso, ndugu wa gundi ya fundi viatu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mipira ya magari. Soma kopo uone kama inataja EPDM, kwa kuwa raba hiyo ni mbishi kwa gundi nyingi. Chagua nyeusi ukiweza; ya njano hushika vizuri tu, lakini kila tone litakaloponyoka litakusuta milele. Fanya kazi kivulini, penye hewa inayopita, bila moto wala sigara karibu, na mikono iwe na glavu. Jua kali hukausha gundi kabla hujaushika mpira. Siku yenye unyevunyevu mwingi pia si nzuri: kimiminika kinapopaa hupoza gundi, na ukungu wa maji hutua juu yake usiouona.

Panga tepu ya karatasi pande zote mbili za njia ya mpira ili kulinda rangi. Paka tabaka jembamba kwenye chuma na tabaka jembamba kwenye raba, kisha ngoja. Kungoja huku ndiko siri ya gundi ya mguso: viungane vikiwa vimekauka kiasi kwamba kidole kinanata lakini hakiondoki na kitu. Ukiunganisha ikiwa mbichi, mpira utateleza na kuogelea. Nenda kwa vipande vya sentimita 20 au 30. Kona kwanza, katikati baadaye, na kila mara sukuma. Kandamiza kwa kidole gumba, tena na tena. Gundi hii hupenda shinikizo kuliko muda. Usipake njia nzima kwa mkupuo ukidhani unaokoa dakika. Utakuwa katikati ya kazi, mkono mmoja umeshika mkanda wenye gundi, na mkanda umeamua kujibandika wenyewe kwenye dashibodi.

Sehemu zinazoingia kwenye mfereji wa alumini hazihitaji gundi isipokuwa tone kwenye ncha. Zilainishe kwa maji ya sabuni na uzisukume kwa kijiti cha plastiki chenye ncha butu.

Kuhusu silikoni ya bomba: hapana. Nasema hapana hiyo nikijua inauzwa kila mahali na inaonekana kama mkombozi. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi kwenye chuma chenye mkwaruzo ni mwaliko wa kutu. Mbaya zaidi, ikishapakwa huacha utando ambao rangi haishiki juu yake na gundi haishiki juu yake, hata baada ya kuibandua. Anayekuja baada yako atakesha akiisugua. Tena haibonyei na kurudi kama sponji, kwa hiyo utaziba tundu moja na kufungua mawili. Pale ambapo mpira haukai vizuri, pana sababu, na ukirudi kwenye vile vidonge vya udongo utaiona. Silikoni ninayoiruhusu ni grisi yake, ya kupaka juu ya mpira uliokwisha kubandikwa, utando mwembamba ili kioo kisiunyonye na kuuvuta. Poda ya kawaida pia inafaa.

Ukimaliza, funga paa na vioo, uache gari hivyo kwa siku moja au mbili bila kuligusa. Halafu ndipo ugomvi wa jirani yako unaanza. Wiki za kwanza fungua mlango kioo kikiwa kimeshuka kidogo, ufunge vivyo hivyo, kisha ukipandishe. Ukibamiza mlango huku kioo kimejaa juu, kinaupiga mpira mpya ukingoni na unaweza kuukunja ulimi wake uende upande usio wake. Gari likikaa juani paa likiwa limefungwa, raba hulainika na kuchukua umbo haraka zaidi. Baada ya wiki tatu nne, mkono wako wenyewe utakuambia tofauti. Usipoisikia, rudi kupima. Huo sasa ni ule ugomaji wa aina ya pili.

Jaribio la maji lina adabu zake. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwa presha. Maji yale hupenya hata mpira mzima na utahangaika bure. Chukua bomba la bustani, maji yatiririke tu. Mtu mmoja akae ndani na tochi na karatasi za kufutia, mwingine awe nje. Anza chini: ukingo wa chini wa kioo cha mlango, dakika chache, halafu nguzo, halafu kona, na paa mwisho. Ukianzia juu, maji yatapita kila mahali kwa pamoja na hutajua ni wapi palipoingiza. Na aliye ndani asitazame tone linapoanguka, atazame lilikotokea. Maji hutambaa nyuma ya kitambaa cha dari hatua nzima kabla ya kudondoka. Goti la abiria wako linaweza kuwa linalipia kosa la kona ya nyuma.

Kagua pia njia za maji. Magari ya paa la kutoa hayakusudiwi kuzuia kila tone. Kiasi kidogo hupita ulimi wa kwanza, hukusanywa kwenye mfereji mwembamba na kutolewa nje. Mfereji huo ukijaa majani na vumbi, maji hufurika kuelekea ndani na mpira husingiziwa. Pitisha waya laini wa plastiki, usitumie wa chuma, halafu mimina kikombe cha maji uone yanatokea wapi.

Ikibaki filimbi peke yake bila maji, usibandue chochote. Funika viungo vyote vya paa kwa tepu ya karatasi kwa nje, endesha kwa mwendo uleule unaopiga filimbi, kisha toa tepu kipande kimoja baada ya kingine, ukisimama mahali salama kila mara. Kipande kitakachorudisha sauti ndicho chenye kosa. Kwa kawaida utalikuta ni kona ya juu ya mbele, pale kioo cha mlango, nguzo na paa vinapokutana, na mara nyingi dawa yake ni kukilaza kioo ndani kidogo zaidi. Tofautisha tu filimbi na mngurumo: mwendo ukiwa mkubwa, hewa inayopita juu ya paa hupungua shinikizo na ngozi ya paa huinuka kama tumbo. Sauti hiyo nzito ni ya paa lenyewe, haina uhusiano na mipira.

Baada ya hapo, osha mipira kwa sabuni laini unapoosha gari, ipake grisi ya silikoni au poda mara mbili kwa mwaka, na dawa za kung'arisha matairi zisiifikie. Ukilitoa paa, usililaze likiwa limekalia mipira yake. Gari likikaa muda mrefu bila kutumika, lifungue paa mara mojamoja ili raba ipumzike. Na mvua ya kwanza nzuri ikishapita, na goti la abiria likabaki kavu, ile mipira ya zamani uliyoihifadhi sasa unaweza kuitupa.